Mkono wa Leokadia

Vijana wa mtaani kwangu wana adabu, siwezi kuwasingizia. Nikipita wanasimama, "Shikamoo bibi," na wale watundu, "Mambo bibi," nami najibu poa kama wanavyotaka. Lakini mkono hawanipi. Mmoja nilimnyooshea wangu makusudi pale dukani, akautumbukiza wake mfukoni kama aliyekumbuka funguo. Nilicheka mpaka mwenye duka akauliza kulikoni.

Nilifanya kazi chumba cha maiti hapa Sumbawanga tangu nikiwa mama wa watoto wawili mpaka nikawa bibi wa wajukuu saba. Mikono hii imewaosha na kuwavalisha mabibi wa kijana yule wote wawili. Sioni haya hata kidogo. Tena kama kuna mikono safi katika mji huu ni hii, maana sijui mingine iliyonawishwa mara nyingi namna hii.

Nasikia siku hizi kazi yetu inafundishwa darasani na mtu anapewa cheti. Vizuri sana. Sisi cheti chetu kilikuwa ndoo, sabuni ya mche na Mzee Nikodemu. Basi ninyi mnaojifunza, na ninyi wengine mnaoficha mikono mifukoni, nisikilizeni. Kuna jambo moja ambalo nadhani darasani hamtaambiwa.

Mimi Veneranda nilianza kama mfagiaji wa wodi ya wazazi. Mzee Nikodemu alikuwa peke yake kule nyuma, na familia zililalamika kwamba mama zao wanaoshwa na mwanamume. Wakatafuta mwanamke wa kumsaidia. Wenzangu wote walikataa, mmoja alijifanya anaumwa tumbo siku tatu mfululizo. Mimi nilikubali kwa sababu niliona kule hakuna mtu wa kunifokea.

Somo la kwanza alilonipa mzee yule lilikuwa kuongea. "Mwite jina lake," aliniambia. "Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Mama fulani, nakuinua kichwa. Mama fulani, nakugeuza."

"Kwani anasikia?" nikamuuliza.

"Yeye sijui, hiyo ni siri yake na Mungu. Mkono wako ndio unaosikia. Ukisema taratibu, utamshika taratibu."

Siku ya kwanza kuingia peke yangu nilitaka kuonyesha kwamba nimeelewa. Nikasimama mbele ya marehemu, mama mtu mzima, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo mama." Nikajibiwa, "Marahaba mwanangu." Wanangu, sikumbuki mlango niliufunguaje. Nilijikuta wodi ya wazazi nimemshika muuguzi kiuno. Kumbe dada yake marehemu alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango, amechoka kulia, akaona ameamkiwa yeye. Hadithi hiyo ilinifuata hospitali nzima kwa mwaka mzima.

Miaka ile ya mwanzo kazi ilikuwa nyepesi kwa upande mmoja. Nguo zilikuwa adimu, na mtu alizikwa na shuka jeupe na pengine blanketi lake. Shuka halina mikono. Unamnyoosha, unamfunga kidevu kwa kitambaa, unamviringisha, basi. Friji hatukuwa nalo. Friji letu lilikuwa baridi ya Ufipa, na mwezi wa Juni lilifanya kazi vizuri kuliko mashine.

Halafu zikaja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, magauni yakaja kwa malori kutoka Tunduma na mengine kwa boti kupitia Kasanga, na wafu nao wakaanza kupendeza. Familia zilileta suti, zikaleta magauni ya mikono mirefu. Binti mmoja wa Mwimbi aliyekufa kabla ya ndoa aliletewa shela kamili na glavu zake. Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu mwili ukishakaa saa kadhaa unakakamaa, na mkono uliokakamaa hauingii kwenye koti.

Mahali pengine walikuwa wanachukua mkasi. Wanalipasua koti mgongoni toka juu mpaka chini, wanalitandika kifuani na kulichomeka pembeni. Mbele bwana harusi, nyuma matambara. Mzee Nikodemu hakutaka hata kusikia habari hiyo. "Usikate nguo ya mtu," alikuwa akisema. "Amevaa mitumba yake kwa mara ya kwanza na ya mwisho." Kwa miaka yote niliyokaa chumba kile mkasi wangu ulikata uzi na bandeji tu, na hilo naomba lisemwe siku yangu ikifika.

Namna yenyewe ni hii. Chukua kitambaa, kichovye maji ya moto, kikamue, funga begani. Anza na bega, kisha kiwiko, vidole mwisho. Kunja kidogo, nyoosha kidogo, usitumie nguvu, huku unamsemesha. Ukifika mahali fulani utasikia chini ya kidole gumba chako kitu kinaachia. Kikishaachia, hakikakamai tena. Inachukua muda, na muda ndio tuliokuwa hatuna, kwa sababu ndugu walikuwa nje wanagonga mlango.

Hapo Mzee Nikodemu alikuwa na akili yake. Watu wa huku wanaamini, na wengi bado, kwamba marehemu akigoma kuvaa ana kinyongo na mtu. Kwa hiyo alikuwa akifungua mlango na kusema, "Mama yenu anasita. Mwenye neno la kumwomba radhi aingie, mmoja mmoja." Wanaingia, wanashika miguu ya mama yao, wanasema. Yeye mikono yake iko chini ya shuka inafanya kazi. Mpaka wa mwisho anatoka, mkono umeshalegea, gauni linaingia, na watu wanashangilia kwa machozi kwamba mama amesamehe.

Mtaniambia ni uongo. Lakini mimi nimeshuhudia ndugu wawili waliogombania shamba la ulezi, hawajasalimiana toka baba yao angali mzima, wakitoka mle ndani wameshikana mabega. Nimemsikia mume akimwomba mkewe radhi kwa vipigo ambavyo hakuna aliyejua. Maneno yale yalikuwa ya kweli hata kama mkono ulilegezwa na maji ya moto.

Mzee Nikodemu alipostaafu na kurudi kwao, nilibaki na ufunguo mimi. Na watu wakaanza kunisifu. Walikuwa wanasikia mlangoni, "Mama Juliana, nakuinua sasa, usiwe na wasiwasi," kisha kimya, kisha, "Haya, ahsante." Wakajazia wenyewe majibu. Wakati ule kumpigia simu mtu wa Dar ilibidi upange foleni posta asubuhi mpaka mchana. Wakasema Mama Vene anawapata wafu bila foleni, wakaniita Mama Simu. Nilikuwa nikipita sokoni napishwa njia. Nilipaswa kukanusha. Badala yake nilianza kutembea taratibu ili nionekane vizuri.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yangu yalikuwa haya: mkono ulikuwa unalegea mapema, labda watu watatu tu wameingia, na mimi siachii. Nauzuia kwa chini, umesimama vilevile, mpaka aingie yule ambaye ninaona atafaa kumalizia, mtoto wa mwisho au mjane. Akisema "nisamehe", naachia. Mkono unashuka polepole, na walio mlangoni wanaona. Watu wanapiga vigelegele nje. Nilikuwa najiona fundi kuliko mwalimu wangu.

Ndipo akaletwa Leokadia.

Leokadia alikuwa mjane kijana wa kijiji kimoja njia ya Mpui. Mumewe alikuwa amekufa miaka miwili kabla, naye alibaki katika nyumba ya mama mkwe wake, Bibi Tekla, wakilima pamoja mahindi na ulezi na kuwalea watoto wawili. Mwaka ule alishuka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kuvuna mpunga wa watu. Alirudi na homa. Malaria ikampanda kichwani, na hospitali alifika amechelewa.

Ndugu zake walileta gauni la bluu la mikono mirefu. Aliyesimamia msiba alikuwa kaka yake, Kornel, mwanamume wa miaka thelathini hivi, macho mekundu kwa kulia. Nikafungua mlango nikasema yale maneno yetu. Wakaingia. Shangazi, binamu, kisha Kornel mwenyewe, akamwomba dada yake radhi kwa kutomjengea nyumba. Mkono ulishaachia kabla yake. Nalisema wazi hapa ili lisibaki na shaka: ulishaachia. Niliuzuia kwa sababu niliona nyuma ya watu Bibi Tekla, mzee mdogo wa umbo, amejifunika khanga, nikasema moyoni huyu ndiye atakayemaliza vizuri.

Akaja. Akaishika ile miguu. "Nisamehe mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyekuruhusu kwenda bondeni." Nikaachia mkono, ukashuka.

Sikusikia vigelegele. Nikadhani ni kwa sababu ya huzuni. Nilimvalisha Leokadia gauni lake bila kukata hata uzi, nikawakabidhi, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu nikiwa sokoni jioni, mama mmoja wa kijiji kile aliyekuwa akiuza ulezi alinivuta pembeni. "Mama Simu, shikamoo. Hivi ni kweli marehemu alimtaja Bibi Tekla?"

"Alimtaja wapi?"

"Si mkono ulianguka kwake? Wote waliomba radhi akagoma, muuaji wake alipomshika na kukiri kwamba ndiye aliyemruhusu kwenda bondeni, ndipo akalegea. Wanasema alianza na mwanawe wa kumzaa, sasa mkwe. Wamemfungia nyumbani kwake. Kesho matanga yanaanuliwa, ukoo unakaa. Vijana wamesema akitamkwa mchawi nyumba inawashwa. Hawajasema kama watamtoa kwanza."

Mikono yangu ndiyo iliyomfunga yule bibi kamba. Na ninyi mnajua huku kwetu mzee akishaitwa mchawi, hata akiachwa hai haishi tena.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Kwenda kusema tu kwamba nilidanganya hakungetosha, wangesema nami nimerogwa au nimetishwa. Walichoona kwa macho kingeondolewa kwa macho. Alfajiri nilimchinja jogoo wangu mwekundu, jogoo niliyempenda kwa kweli, sikumnyonyoa, nikamweka kwenye kapu pamoja na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Nikapanda lori la mahindi. Mama mmoja juu ya magunia akaniuliza mbona kuku wako amenyooka hivyo, nikamwambia anasubiri kikao.

Nilifika wameshakaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na Bibi Tekla chini kwenye vumbi, peke yake, mjukuu wake mdogo amemshikilia shingoni. Waliponiona wakasimama wote. Nikaletewa kiti. Kornel akanipokea kapu kwa mikono miwili.

"Mama, Mungu amekuleta," akasema. "Waambie wazee alichokwambia dada yangu."

Nikawapa pole. Kisha nikasema, "Hakuniambia kitu. Hakuna maiti aliyewahi kuniambia kitu. Mkono wa Leokadia ulilegea kabla hata Kornel hajaingia. Niliuzuia mimi, nikauachia nilipotaka mimi, kwa kutafuta sifa."

Sauti ikatoka nyuma, "Huyu naye kashalishwa." Kornel uso ukambadilika. "Umepewa nini na huyu bibi?"

Nikamtoa jogoo. Nikampa mzee wa ukoo, nikamwomba amshike miguu na kuikunja. Akajaribu. "Amekauka kama kuni," akasema. Nikamweka magotini, nikamfunika kwa khanga, nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, mikono ikaingia chini.

"Jogoo amekufa na kinyongo," nikatangaza. "Mwenye neno la kumwomba radhi aje."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja aliguna. Nikamtazama yule mzee, nadhani alishaanza kunielewa, akaja akainama. "Jogoo nisamehe, nimekula ndugu zako wengi." Watu wakacheka, hata pale msibani. Nikafunua, mguu umesimama vilevile. Nikafunika. Mikono yangu ikaendelea, na nikasikia chini ya kidole gumba kile kitu kikiachia. Nikazuia.

"Kornel, njoo."

"Sifanyi upuuzi na msiba wa dada yangu!" Akaja kwa hasira anyang'anye khanga. Alipoifunua kidogo tu, nikaachia. Mguu wa jogoo ukashuka mbele ya watu wote.

"Basi," nikasema, "Kornel ndiye aliyemuua jogoo wangu."

Kicheko kilikatika. Na hapo niliona jambo ambalo sitalisahau. Wale watu walijua ni kuku, walijua nimemchinja mimi. Lakini walimtazama Kornel. Kwa muda mfupi tu, wengi wao, walimtazama kwa macho yaleyale waliyokuwa wanamtazamia Bibi Tekla. Na Kornel aliyaona.

Nikaondoa khanga. Nikashika mkono wake, nikauweka kwenye bawa ambalo lilikuwa bado limekakamaa. "Bonyeza hapa. Kunja kidogo, nyoosha kidogo. Usitumie nguvu." Alifanya, sijui kwa nini, labda alikuwa amechoka kukasirika. Likaachia mikononi mwake. Akakaa chini palepale karibu na bibi, na akalia kama mtoto.

"Sasa ni nani amemuua dada yangu?"

"Mbu wa bondeni, mwanangu," nikamwambia. "Na sisi sote tuliochelewa kumleta hospitali. Hakuna mwingine."

Mzee wa ukoo akasema bibi apewe mkeka. Wajukuu wakabaki kwake, nyumba ikabaki. Kornel hakumwomba radhi siku ile, aliondoka bila kuaga. Bibi Tekla naye hakunishukuru, na alikuwa na haki. Aliniuliza tu, "Yule jogoo utamfanyaje?" Wakampika.

Habari zilifika mjini kabla yangu. Bosi wangu aliniita akanisema mpaka sauti ikamkauka. Familia nyingine ziliomba marehemu wao wasihudumiwe na mwanamke mwongo. Sokoni nikawa sipishwi njia, na jina la Mama Simu likafa bila hata maombolezo. Iliniuma, nisijifanye malaika. Mzee Nikodemu alisikia hukohuko kwao, akanitumia salamu kwa mtu: "Mwambie Veneranda sasa naweza kusema nilimfundisha." Salamu ile ninayo mpaka leo, na hakuna cheti ambacho ningekubali kubadilishana nacho.

Toka siku ile nilikuwa nikifungua mlango na kusema, "Mkono umeshalegea na nguo ameshavaa. Anayetaka kumwomba radhi aingie, lakini aombe kwa sababu yake mwenyewe." Nilidhani hawataingia. Waliingia wengi kuliko zamani.

Mtaniuliza kama naamini kwamba wafu wapo mahali. Naamini. Ninasali kwa ajili yao kila Novemba, na natumaini nitawaona, nao watanikumbuka kwa kuwavalisha vizuri. Lakini hawakunipa ujumbe wa mtu yeyote, na akija mtu kuwaambia kwamba marehemu amemtaja fulani, muombeni kwanza muone mikono yake iko wapi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini waliniletea Bibi Tekla. Alikufa usingizini, kwa uzee mtupu, wajukuu wale wawili ndio waliomleta, wamekuwa watu wazima. Nilimwosha, nikamwambia kila nilichotaka kufanya, nikamvalisha gauni la kitenge. Nilipofungua mlango nilimkuta Kornel, ana mvi.

"Shikamoo mama. Naweza kuingia nimwombe radhi?"

"Ameshavaa, mwanangu. Hakuna kitakachoanguka."

"Najua. Ulinifundisha wewe."

Akaingia, nami nikatoka, nikafunga mlango. Katika miaka yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kusimama upande ule wa nje. Nilimsikia anaongea, kisha kimya, kisha anaongea tena, muda mrefu. Hakuna aliyemjibu. Mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa. Alisimama mbele yangu, akaninyooshea mkono. Nikamwambia ngoja, sijanawa bado. Akaushika hivyohivyo.